Maswali ya Wasomaji: Nimefika Thailand Kufundisha Kiingereza, Sasa Naishije?

Wiki hii barua karibu zote zinatoka Thailand au zinaelekea huko. Sishangai, shule zao zinafungua katikati ya mwezi wa tano na vijana wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania wanazidi kwenda kufundisha Kiingereza kule. Mi nimefundisha miaka kadhaa kaskazini mashariki, ukanda wanaouita Isan, kwa hiyo ntajibu yale ninayoyajua. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Shikamoo dada. Mi ni binti kutoka Mbeya, nina digrii ya ualimu, niko mji mdogo mkoa wa Khon Kaen tangu mwezi wa tano. Darasani nina watoto 45, nikiongea wanacheka, wananivuta nywele, mmoja alinishika mkono akausugua aone kama rangi inatoka. Walimu wenzangu hawaniambii kitu, nafika darasani nakuta hakuna mtoto hata mmoja, kumbe siku hiyo kuna sherehe. Kuna Mwingereza hapa hajasomea ualimu kabisa na ananizidi mshahara. Usiku nalia tu. Nimeanza kuona labda kweli Kiingereza wafundishe wenyewe. Nirudi nyumbani?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Usirudi, au niseme usirudi kwa hizo sababu, maana ukirudi saivi utarudi unaamini hufai na hilo sio kweli.

Ntaanza na hilo la mwisho kwa sababu ndo linalokula roho yako. Wewe Kiingereza hukuzaliwa nacho, ulikaa kwenye dawati ukakipambania, na darasa lako lote liko kwenye dawati hilohilo saivi. Angalia kitu kidogo tu, neno school. Mtoto wa Kithai akilisema linatoka "sakun", maana mdomo wake haujazoea konsonanti mbili kufuatana mwanzoni, anachomeka irabu katikati, alafu L ya mwisho kwake inageuka N. Sisi tukalichukua tukalifanya skuli, tukatia irabu mwishoni. Mtu aliyezaliwa nalo atakurudishia hilo neno kwa sauti kubwa mara nane na mtoto ataendelea kusema sakun, kwa sababu huyo mtu hajawahi kusikia ulimi wake mwenyewe unagoma. Wewe umeshausikia. Mwambie mtoto ainue ncha ya ulimi aigandishe nyuma ya meno ya juu mwishoni mwa neno aache sauti ipite pembeni, fanya na ball, fanya na apple, wiki mbili hivi utasikia tofauti. Na hivohivo kwenye nyakati, Kithai kitenzi hakibadiliki, wanaongeza tu neno la kuonyesha jana au kesho, kwa hiyo went na gone kwao ni mateso. Sisi tuna -li- na -na- na -ta-, kichwa chetu kimezoea kitenzi kubeba wakati ndani yake. Chora mstari ubaoni, jana leo kesho, weka picha, rudi hapo kila siku. Hakuna Mwingereza wa kukuzidi hapo.

Mshahara, ndio, ni uonevu na sitaupamba. Wana orodha ya nchi wanazoziita za wenye lugha, Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na wenzao, sisi wa nje ya orodha tunadaiwa cheti cha TOEIC au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, na mishahara inapangwa kwa pasipoti. Ila wewe una kitu ambacho huyo jirani yako hana. Mtu mwenye digrii isiyo ya ualimu anafundisha kwa kibali cha muda kutoka baraza lao la walimu, Khurusapha, kibali cha miaka 2, muda ukikaribia kuisha anaanza kuhangaika. Wewe umesomea ualimu. Anza leo kukusanya transkripti na cheti cha polisi, uliza njia ya kupata leseni kamili, na siku ya kuongelea mkataba mpya uingie ofisini na leseni mkononi au ombi lake. Hiyo ndo lugha ambayo mkuu wa shule anaielewa, malalamiko hayatakufikisha.

Sasa watoto. Kule kicheko mara nyingi ni aibu, mtoto hajaelewa na hataki kuonekana hajaelewa basi anacheka, na wengine 44 wanamfuata. Najua wewe kama mimi umekulia kwenye fimbo na mkono unawasha, lakini kule viboko shuleni ni marufuku tangu 2005, na zaidi ya sheria, mwalimu anayefoka mbele za watu wanamwona amejivunjia heshima mwenyewe. Usipandishe sauti. Anza na kile wanachokijua. Ukiingia watasimama wote waimbe kwa pamoja good morning teacher, ukiwauliza hali wanajibu I'm fine thank you and you, darasa zima kama kwaya, hata mwenye homa anasema yuko fine. Mi nilikuwa naichukua hiyohiyo, nawafundisha majibu mengine, nina njaa, nina usingizi, nimekasirika, jana timu yangu imefungwa, alafu kila mtoto anachagua lake na hakuna ruhusa ya kurudia la jirani. Ghafla una darasa linaongea. Wagawe timu, weka pointi ubaoni, wale wanapenda mashindano kupita maelezo, na wale wakorofi wa nyuma wape kazi ya kuhesabu pointi.

Nywele na ngozi. Tenganisha mtoto na mtu mzima. Mtoto anayesugua mkono wako hajawahi kuona mtu mweusi kwa macho, ana hamu ya kujua, mpe kipindi kizima: ramani, picha za Mbeya, migomba, shule yako ya zamani, mwache aulize mpaka achoke. Ila kuguswa nywele sio lazima ukubali, na hapa mila yao inakusaidia. Kwa Wathai kichwa ni sehemu ya heshima kabisa, mtoto hathubutu kumgusa mkubwa kichwani. Muombe mwalimu wa Kithai awaambie kwa Kithai kwamba kichwa cha mwalimu ni kichwa cha mwalimu, awe wa Bangkok awe wa Mbeya. Utashangaa walivyo wepesi kuelewa. Watu wazima ndo kazi, maana dukani kila rafu ina krimu ya kung'arisha na kuna mzazi atakwambia usoni ulivyo mweusi kama vile anakutaarifu. Sisi tunaoujua mkorogo hatuna haja ya kuelezwa huo ugonjwa umetokea wapi. Jibu kwa utulivu au usijibu, lakini usiruhusu uingie nao ndani ukalale nao.

Kuhusu kutoambiwa mambo, hawakufichi. Kila tangazo la shule linapita kwenye grupu la LINE, programu yao ya ujumbe kama WhatsApp yetu, kwa Kithai, na wanadhani umesoma. Omba uingizwe kwenye hilo grupu, yale matangazo ya picha yapitishe kwenye programu ya kutafsiri, na zaidi ya yote chagua mwalimu mmoja wa meza ya jirani, kila jioni kabla hujatoka muulize kesho kuna nini. Swali hilo tu. Mpelekee matunda, kula naye mchana, usijifungie na simu. Yeye ndo atakwambia Jumatatu wanavaa manjano, na kwamba mwezi wa sita kuna Wai Khru, sherehe ya kuwaheshimu walimu, kwa kawaida siku ya Alhamisi, ambapo watoto watapiga magoti mbele yako na maua waliyoyapanga wenyewe. Yapokee kwa mikono miwili. Mwaka wangu wa kwanza nililia pale mbele ya watu na sijutii. Wimbo wa taifa ukipigwa saa 2 asubuhi na saa 12 jioni simama kama wote, hata sokoni. Na habari za mfalme na familia yake usizitanie popote, iwe mtandaoni iwe kwenye grupu la marafiki, kifungu chao cha 112 kina jela miaka 3 hadi 15.

Usiku unalia kwa sababu unasubiri nyumbani wamalize kula ndo upige simu. Thailand iko mbele yetu masaa 4, mama akitulia saa 3 usiku kwako ni saa 7 usiku, una usingizi na giza na upweke vyote kwa pamoja, lazima ulie. Piga ukitoka shule, saa 10 jioni yako ni saa 6 mchana Mbeya. Alafu kitu kimoja kitakufurahisha, wale wazee wa Isan ukiwauliza saa za usiku wanahesabu kama sisi, saa ile tunayoita saa moja usiku na wao wanaita moja, saa mbili mbili. Nilivyogundua hilo nikajiona sijafika mbali sana na kwetu.

Dada habari, mimi ni kijana wa Nakuru. Kuna ejenti nimempata Telegram, anasema kuna kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, mshahara baht 80,000 kwa mwezi, chakula na nyumba bure, hataki digrii wala intavyuu. Nitaingia na viza ya utalii, kibali watanitengenezea nikifika, dereva atanichukua airport twende mji unaitwa Mae Sot. Tiketi analipa yeye. Niende?

Usiende. Kama umeshampa pasipoti idai leo.

Mae Sot ni mji wa mpakani mkoa wa Tak, ukivuka mto Moei uko Myawaddy, Myanmar, na huko ndo kuna yale makambi ya utapeli wa mtandaoni. Watu wanaahidiwa kazi nzuri Thailand, nyingine hizo za ualimu, wanapokelewa Bangkok vizuri kabisa, wanapelekwa kwa gari masaa mengi, wanavushwa mto usiku, wanaamka kwenye jengo lenye ulinzi wa bunduki wanaambiwa kazi yao ni kutapeli watu kwa simu, na anayekataa anapigwa. Mwanzoni mwa 2025 maelfu walitolewa huko, Wakenya na Waethiopia na Waganda wakiwemo, na bado matangazo hayajakoma. Barua yako ina kila dalili. Mji hauna uhusiano na shule yoyote uliyotajiwa, mshahara ni wa ajabu, hawataki kukuona hata kwa video, tiketi wananunua wao.

Shule ya kweli itataka kukusikia ukiongea. Itataka digrii yako, cheti cha polisi, matokeo ya TOEIC au IELTS. Itakutumia barua na nakala za usajili wake ili uombe viza ya Non-Immigrant B, ndo viza ya kazi, kabla hujatoka Kenya, hiyo inakuingiza siku 90, ndani ya hizo siku kibali cha kazi kinatengenezwa na viza inaongezwa mwaka. Mshahara wa mgeni kutoka kwetu shule za mikoani mara nyingi unacheza baht 20,000 hadi 30,000 na kitu, sio 80,000. Inatosha kuishi mji mdogo, chumba cha baht 3,000 hadi 5,000 kipo, ila hutajenga ghorofa mwaka wa kwanza na anayekwambia utajenga anakuuza.

Na hata kama ejenti ni wa kweli, viza ya utalii usikubali. Kufundisha bila kibali ni faini baht 5,000 mpaka 50,000 na kurudishwa kwenu, na ukishafanya kazi hivo unakuwa mateka wa huyohuyo aliyekupeleka, akichelewesha mshahara utaenda kumshtaki wapi. Pasipoti yako ikae mfukoni mwako, sio kwenye droo ya mtu. Kenya ina ubalozi Bangkok, andika namba yao kwenye karatasi pia, simu zinapotea. Tafuta jina la shule kwenye ramani, piga namba ya shule yenyewe, uliza kama wanamfahamu huyo ejenti. Huo mchana mmoja unaweza kukuokoa maisha.

Asalaam alaykum dada. Mimi natokea Tanga, navaa hijabu. Nimepata ofa mbili, moja Chiang Mai na moja Pattani. Pattani naambiwa wengi Waislamu, nafsi inaniambia niende huko. Unaonaje?

Waalaykum salaam mpenzi. Ni kweli Pattani, Yala na Narathiwat Waislamu ndo wengi, wanaongea Kimalayu, adhana utaisikia na hijabu hakuna atakayeiuliza. Lakini mikoa hiyo ina vita vya chini kwa chini tangu 2004, mabomu ya barabarani, na walimu wa shule za serikali wamewahi kulengwa na kuuawa. Wenyeji wanaishi na wanajua njia gani wasipite jioni, wewe mgeni hujui. Kama dada yako nakwambia usianzie hapo.

Uliza kama hao watu wana nafasi Satun. Iko kusini hukohuko, Waislamu ndo wengi, na ni kutulivu, zile fujo za majirani zake hazikukolea pale. Krabi nako Waislamu ni wengi tu. Chiang Mai sio mbaya kwa mambo ya dini, kuna msikiti mkongwe wa Ban Ho uliojengwa na Waislamu wenye asili ya Yunnan, Uchina, na mitaa inayouzunguka chakula cha halali kipo, ila mwezi wa pili mpaka wa nne wakulima wanaochoma mashamba na moto wa misituni wanajaza moshi mji mzima, kama una pumu fikiria mara mbili.

Kwa chakula popote uendapo shika neno "mu", ndo nguruwe, na usiamini mchuzi kwa macho maana supu ya tambi mara nyingi imechemshiwa mifupa yake. Tafuta alama ya halali kwenye kibanda, mama muuzaji mwenyewe utamuona kajitanda. Hijabu darasani uliza mapema, kwenye intavyuu, wakuone nayo kwenye video. Shule itakayosita ikusitie ukiwa bado Tanga.

Sister, nimefika mkoa wa Udon Thani, chakula kinanishinda, pilipili imezidi na ugali hakuna. Nifanyeje?

Sema "mai phet", bila pilipili, watapunguza japo haitaisha kabisa. Na nenda ukale khao niao, wali wa kunata unaokuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Unaula kwa mkono, unafinyanga tonge, unachovya, kama ugali kabisa mdogo wangu. Na kuku wa kuchoma wa Isan. Ndani ya mwezi utakuwa unaulizia wewe mwenyewe.

Mwanangu yuko huko Thailand anafundisha. Likizo yao ni mwezi wa tatu hadi wa tano, nimemwomba aje nyumbani kwa msiba wa arobaini ya babu yake, anasema akitoka viza yake inakufa, na hela hana kwa sababu likizo halipwi. Mwalimu gani halipwi likizo? Ananidanganya au vipi? Mama, Dodoma.

Shikamoo mama, na poleni sana kwa msiba.

La mshahara huenda anasema kweli. Wengi wanaoajiriwa kupitia kampuni za kati wanapewa mkataba wa miezi 10 au 11, mwezi wa nne na pengine wa kumi haulipwi, na kijana anakuwa alisaini kwa furaha bila kuhesabu miezi. Mikataba hiyo siipendi hata kidogo, inamlipa mwalimu kama kibarua. Asisaini tena mwingine bila kuuliza miezi 12, kuna shule zinatoa, hasa zinazoajiri zenyewe moja kwa moja.

La viza ni kweli nusu. Akitoka nchini bila kuomba ruhusa ya kurudi, ile viza ya mwaka inafutika hapohapo na ataanza upya. Lakini ruhusa hiyo ipo, ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kama atatoka mara nyingi, anaomba ofisi ya uhamiaji ya mkoa wake kabla ya kuondoka, na hata uwanja wa Suvarnabhumi pale Bangkok kuna kaunta yake ila asiiachie dakika za mwisho. Aangalie na tarehe ya mwisho ya viza yenyewe, maana ruhusa haiongezi siku, kama mkataba umeisha na viza imeisha nao basi hapo kweli amekwama mpaka apate shule.

Kama tiketi ndo tatizo, katikati ya mwezi wa nne asiiguse, tarehe 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka wao mpya, nchi nzima iko njiani na bei zinapanda. Mwisho wa mwezi wa tatu ni afadhali. Akija aje na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu akirudi Thailand akitokea Tanzania wataidai kabla hajafika dirisha la uhamiaji, na ile fomu ya kuingia saivi inajazwa mtandaoni, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Mpigie umsomee hii mama, na kama bado anasema haiwezekani, muulize viza yake inaisha tarehe ngapi, uniandikie tena.